Nani Ametesa? Sarufi ya Mateso na Rehema katika Kiswahili, kwa Kuzingatia Maandishi ya Julian wa Norwich



1. Utangulizi

Mada niliyoichagua yaweza kuwashangaza baadhi yenu. Kwa desturi, mihadhara ya idara za Kiswahili hushughulikia fonolojia, mofolojia, istilahi au fasihi, na mambo ya sala huachiwa wanateolojia. Hata hivyo, mtu anapougua, anapofiwa, au anapokaa kimya mbele ya Mungu wake, hana chombo kingine cha kuifikiria hali yake isipokuwa lugha aliyo nayo. Ikiwa chombo hicho kina mwelekeo fulani, mawazo yake nayo yatavutwa upande huo kabla hata hajatambua. Hapo ndipo mwanaisimu anapopata haki ya kusema neno.

Swali langu ni hili: lugha yetu inapomwezesha mtu kusema kwamba ana mateso, je, inamlazimisha pia kumtafuta aliyemtesa? Nitajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kina njia mbili za kuyasema mateso, moja inayodai mtendaji na nyingine isiyomdai. Pili, mazungumzo yetu ya kidini huegemea mno ile njia ya kwanza, na jambo hilo lina madhara kwa watu walio hai. Tatu, ile njia ya pili, ambayo kielelezo chake bora ni neno dogo tunalolitumia kila siku, ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ya rehema kama ilivyofafanuliwa na mmojawapo wa wanawake wakuu wa taamuli katika Ukristo, Julian wa Norwich. Neno taamuli nalitumia kama litumiwavyo na watawa wetu: sala ya kumtazama Mungu kwa utulivu, pasipo wingi wa maneno.

2. Julian na swali lake

Julian alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1342 au mwanzoni mwa 1343. Jina tunalomwitia ni lile la kanisa la Mtakatifu Julian mjini Norwich, mashariki mwa Uingereza, ambako aliishi akiwa mkaapweke, yaani mtawa aliyefungiwa maisha yake yote katika chumba kilichoambatana na ukuta wa kanisa. Mwezi Mei 1373, akiwa na umri wa miaka thelathini na nusu, aliugua hata akapewa sakramenti za wanaokufa. Padre alipomwekea msalaba mbele ya macho, aliona maono kumi na sita juu ya mateso ya Kristo na upendo wa Mungu. Akapona, akaandika maelezo mafupi ya aliyoyaona. Miaka mingi baadaye aliandika maelezo marefu zaidi, yenye sura 86. Kitabu chake ndicho cha kale kuliko vyote tuvijuavyo vilivyoandikwa na mwanamke kwa Kiingereza.

Tukumbuke alikuwa akiishi wakati gani. Tauni kuu iliingia Norwich mwaka 1349, Julian akiwa mtoto wa miaka sita hivi, ikarudi tena mwaka 1361 na mwaka 1369. Watu walikufa kwa maelfu, na maelezo yaliyotolewa mimbarini yalikuwa mepesi: Mungu ameghadhibika, na hii ni adhabu yake. Julian, aliyekulia katika maelezo hayo, aliandika kwamba alimtazama Mungu kwa makini na hakuona ndani yake ghadhabu hata kidogo. Ghadhabu, kwa maelezo yake, iko upande wa mwanadamu, na kazi ya rehema ni kuituliza huko iliko. Hakusema hivyo kwa wepesi. Alijua mafundisho ya Kanisa kuhusu dhambi na hukumu, naye aliyapokea. Alichotaka kujua ni jinsi mambo hayo mawili yanavyopatana.

Jibu alilopewa lilikuwa mfano. Bwana mmoja ameketi kwa utulivu, na mtumishi amesimama mbele yake, tayari kutumwa. Bwana anamtuma. Mtumishi, kwa jinsi anavyompenda bwana wake, anatoka mbio, na katika mbio hizo anaanguka bondeni na kuumia vibaya. Anagaagaa, anaugua, hawezi kuinuka. Julian asema kuwa maumivu makubwa kuliko yote yalikuwa kwamba mtumishi hakuweza kugeuza uso amwone bwana wake, ambaye alikuwa karibu naye sana. Kisha akachunguza kama bwana atamlaumu mtumishi. Hakuona lawama. Aliona jicho la huruma, na nia ya kumtuza mtumishi kwa ajili ya majeraha aliyoyapata njiani.

Mfano huu haumo katika maelezo yale mafupi. Julian mwenyewe aeleza kwamba ilimchukua karibu miaka ishirini kuuelewa. Alipouelewa, aliona kuwa mtumishi ni Adamu, na kuwa mtumishi huyo huyo ni Kristo: kuanguka kwa mmoja bondeni na kushuka kwa mwingine katika tumbo la Bikira kunatazamwa na Mungu kwa tazamo moja.

3. Kuteswa na kuteseka

Sasa tuyalete mambo haya katika Kiswahili. Tukichukua shina tesa, mnyambuliko wa vitenzi unatupa kauli mbili zinazotuhusu. Katika kauli ya kutendwa tunasema "mgonjwa anateswa". Sentensi hii inasikika kama haijakamilika. Msikilizaji yeyote atauliza, "Anateswa na nani?", au angalau "na nini?" Kiambishi -w- humwondoa mtendaji katika nafasi ya kiima, lakini humwachia mlango nyuma, nao mlango huo hufunguliwa na kiunganishi na. Katika kauli ya kutendeka tunasema "mgonjwa anateseka". Hapa hali imeelezwa, na mlango umefungwa. Huwezi kusema "anateseka na Juma" ukimaanisha kwamba Juma ndiye mtesaji. Ukisema hivyo, utaeleweka kuwa Juma naye anateseka pamoja na mgonjwa.

Tofauti hii hufundishwa katika darasa la mofolojia kwa mifano ya vikombe vilivyovunjwa na vikombe vilivyovunjika. Naomba tuione uzito wake inapohusu mtu. Kauli ya kutendwa inauliza habari ya chanzo. Kauli ya kutendeka inatuacha na mtu mwenyewe na hali yake. Na mfano wa Julian, ukisimuliwa kwa Kiswahili, unaanza kwa vitenzi vya namna hii ya pili: mtumishi ameanguka, ameumia, anateseka. Hakusukumwa wala hakuangushwa.

Nomino mateso, kwa upande wake, inaficha tofauti hiyo. "Mateso ya Yesu" ni yale aliyoyapata. "Mateso ya Herode" yaweza kuwa yale aliyowapa wengine. Kihusishi -a- unganifu hakituambii ni yupi aliyetenda na ni yupi aliyetendwa. Mhubiri anapotaja "mateso ya Mungu" bila kufafanua, msikilizaji huchagua mwenyewe kati ya Mungu anayetesa na Mungu aliyekubali kuteswa. Ukristo wote umesimama juu ya chaguo hilo.

4. Adhabu: neno moja, mizigo miwili

Shida inazidi tunapofika kwenye neno adhabu. Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili lina maana ya maumivu makali na pia ya maumivu yatolewayo kwa ajili ya kosa. Kiswahili kimezirithi zote mbili. Hakimu hutoa adhabu. Lakini pia twasema kuwa usafiri wa mji fulani ni adhabu, au kwamba bibi kizee fulani, maskini, anapata adhabu na miguu yake. Katika mfano huu wa mwisho hakuna anayedhani kuwa bibi ana kesi. Hata hivyo neno ni lile lile, na kutoka maana moja kuingia nyingine ni hatua fupi ambayo msemaji huweza kuipiga bila kujua.

Hatua hiyo tuliiona ikipigwa na jamii nzima. UKIMWI ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata, ilisemwa makanisani, misikitini na vijiweni kwamba ugonjwa huo ni adhabu ya Mungu. Wagonjwa waliisikia kauli hiyo wakiwa vitandani. Wake waliokuwa waaminifu waliisikia, na watoto waliozaliwa na virusi waliisikia walipokua. Sidai kuwa neno moja lilizua unyanyapaa. Nadai kwamba neno lililokuwa tayari limeunganisha maumivu na hukumu liliurahisisha, kwa kuwa halikumtaka msemaji athibitishe lolote. Norwich ya mwaka 1349 na Kagera ya miaka ya 1980 zilikuwa na maradhi tofauti na lugha tofauti, lakini zilikuwa na sarufi moja.

Hata maneno yetu ya faraja yana sarufi hiyo. Msibani husemwa kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Msemaji ana nia njema. Anataka kuzuia manung'uniko. Lakini angalia kilichotendeka: kifo kimepewa mtendaji, na mtendaji huyo amewekwa mahali ambapo hawezi kuulizwa. Mama aliyefiwa na mtoto anaambiwa kwa pumzi moja ni nani aliyemchukua mwanawe, na kwamba asimlalamikie.

5. Rehema na uchungu

Dhidi ya maneno hayo, leksika yetu ina hazina nyingine. Neno rehema limetokana na mzizi wa Kiarabu r-h-m, ambao katika Kiarabu, na vilevile katika Kiebrania cha Agano la Kale, hutoa neno la huruma na neno la tumbo la uzazi. Kwa asili, basi, rehema si tendo la hakimu anayepunguza kifungo. Ni hali ya mama kwa kile alichokibeba. Mwislamu wa pwani hulitaja shina hilo kila anapoanza shughuli kwa jina la Mungu, na Mkristo hulitaja kila anapoomba rehema, ijapokuwa wengi wa wasemaji wetu hawalisikii tumbo ndani ya neno.

Julian hakujua Kiarabu, lakini alifika mahali hapo hapo kwa njia ya sala. Aliandika kwamba rehema ni sifa ya umama, na neema ni sifa ya ubwana wa kifalme, zote mbili zikiwa katika upendo mmoja. Akaendelea kumwita Kristo mama, aliyetubeba ndani yake, akapata maumivu makali ya kujifungua msalabani, na anayetulisha kwa mwili wake kama mama anyonyeshavyo.

Hapa Kiswahili kina jambo la kumwongezea Julian. Neno uchungu lina maana tatu ambazo lugha nyingi huzitenganisha: ladha ya kitu kichungu, huzuni kali ya moyo, na maumivu ya mwanamke anayejifungua. "Ameshikwa na uchungu" yaweza kusemwa kwa aliyefiwa na kwa anayezaa. Methali yetu yasema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Maana ya kwanza ya methali hii ni leba, na ya pili ni yale yote yanayofuata katika malezi, hata kaburini. Kwa hiyo mfasiri wa Julian hahitaji kubuni istilahi wala kuongeza maelezo pembeni. Akisema kwamba Kristo alishikwa na uchungu msalabani, msomaji wa Kiswahili atasikia huzuni na uzazi kwa pamoja. Pale rehema ilipolisahau tumbo, uchungu umelikumbuka.

Kuna neno jingine ambalo hatulitazami kwa sababu tumelizoea mno: marehemu. Kwa umbo lake la Kiarabu neno hili ni nomino ya mtendwa, nayo maana yake ni "aliyerehemiwa". Twamwita hivyo kila aliyekufa, mwema na mwovu, mcha Mungu na asiye na dini. Hatungoji matokeo ya hukumu. Wazee waliolipokea neno hili waliamua kwamba jambo la kwanza la kusemwa juu ya mtu aliyekufa, hata kabla ya jina lake, ni kwamba rehema imemfikia. Ndilo tumaini lile lile alilolishika Julian, kwamba mwisho wa yote utakuwa mwema, ingawa yeye alilifikia kwa mapambano ya miaka mingi nasi twalitamka kila siku katika matangazo ya vifo redioni.

6. Dhiki na faraja

Niguse kwa ufupi methali nyingine, ile isemayo baada ya dhiki faraja. Dhiki ni wembamba, ni kubanwa. Mtu hudhikika kama apitaye kwenye nafasi isiyomtosha. Faraja, kwa mzizi wake, ni kufunguka kwa nafasi, ni upenyo. Methali hii, basi, ni picha ya njia nyembamba inayotokea uwanjani.

Maisha ya taamuli yanaichukua picha hii na kuibadili kidogo. Wakaapweke wa Uingereza waliishi katika chumba kimoja kilichofungwa, chenye dirisha la kutazamia altare na dirisha la kuzungumza na watu waliofika na shida zao. Miongoni mwa waliomfikia Julian, yapata mwaka 1413, alikuwemo Margery Kempe, aliyekuja kumwomba ushauri. Hapo faraja haikungoja dhiki iishe. Dirisha lilikuwa katika ukuta ule ule uliobana. Watawa wetu wa Kibenediktini wa Hanga, waimbao zaburi kwa Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku, wanaweza kuisoma methali hiyo kwa namna hiyo pia: faraja si baada tu, huweza kuwa ndani.

7. Pole

Sasa nifike kwenye neno nililolidokeza mwanzoni. Neno hilo ni pole. Katika vitabu vya sarufi huwekwa miongoni mwa vihisishi, kisha husahauliwa. Tulitazame vizuri. Pole husemwa kwa mgonjwa, kwa aliyefiwa, kwa aliyejikwaa njiani, kwa aliyetoka safari, na hata kwa aliye kazini. Huambiwa aliyeumizwa na mwingine, na huambiwa pia aliyejiumiza kwa uzembe wake. Msemaji hakiri kosa; angekuwa na kosa angesema samahani au nisamehe. Wala hamtafuti mwenye kosa. Pole haina kiima, haina mtendaji, haina wakati. Inamwona mtu na hali yake, basi.

Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba kama yule bwana wa mfano wa Julian angekuwa Mswahili, neno lake la kwanza kwa mtumishi aliyeanguka bondeni lingekuwa pole. Rehema ya namna hiyo hutangulia msamaha. Msamaha hushughulika na kosa, na una mahali pake. Lakini mtumishi aliyelala chini hajauliza habari za kosa. Anachokosa ni uso wa bwana wake.

Tena hatusemi pole tu. Tunampa mtu pole, na kumpa huko ni kwa miguu. Tunakwenda. Tukifika msibani, tunakaa matanga. Wengi wa wakaao mkekani hawana la kusema, nao hawatakiwi kusema. Wamekaa. Sijui maelezo bora zaidi ya taamuli kwa mtu ambaye hajawahi kuingia monasterini: ni kukaa matanga na Kristo anayeteseka, na kugundua kuwa yeye ndiye aliyekuja kukaa nasi. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba pasipo kusema neno, nao katika siku hizo saba walikuwa faraja kwake. Walikosea walipofungua vinywa na kuanza kumtafuta mkosaji.

8. Pingamizi moja

Najua kuwa wapo miongoni mwenu watakaonipinga, nao wana hoja. Watasema: kauli ya kutendeka ni maficho ya wakosaji. Mke apigwaye na mumewe hateseki tu. Anateswa, na aliyemtesa ana jina. Mara ngapi wanawake wa namna hiyo wameambiwa kuwa subira yavuta heri, na kwamba wabebe msalaba wao? Mara ngapi vibarua wasiolipwa wameambiwa hivyo?

Nakubaliana na hoja hii kabisa. Lugha imetupa kauli mbili kwa sababu tunazihitaji mbili. Palipo na mtesaji, ni uongo kutumia kauli inayomficha, na uongo huo hauwi mtakatifu kwa kusemwa kanisani. Kristo mwenyewe aliteswa, na imani ya Wakristo humtaja Pontio Pilato kwa jina. Kinyume chake, pasipo na mtesaji, ni ukatili kumzulia, iwe ni jirani tunayemwita mchawi, au mgonjwa mwenyewe, au Mungu. Hekima ni kujua ni kauli ipi inayostahili mahali gani. Na hata pale mtesaji anapotajwa na kushtakiwa, yule aliyeteswa bado anahitaji mtu wa kumpa pole, maana hukumu ya mahakama haimgeuzi uso aliyelala bondeni.

9. Hitimisho

Wanafunzi wengi mlio hapa mtakuwa walimu, waandishi wa habari, wafasiri, na baadhi yenu wahubiri. Mtayachagua maneno ambayo wengine watayasikia katika saa zao ngumu. Nawaomba mfanye mambo mawili ya kitaaluma. La kwanza, mnapofasiri au kuhariri maandishi ya dini, chunguzeni kila mahali palipo na mateso na adhabu, mjiulize kama matini asilia inamtaja mtendaji, isipomtaja, msimwongeze. La pili, vihisishi vyetu vya huruma vifanyiwe utafiti unaolingana na uzito wake. Tumeandika mengi juu ya ngeli na machache mno juu ya pole.

Na atakayetembelea wagonjwa hospitalini kesho hahitaji utafiti wowote. Aingie, avute kiti, atoe pole, akae.